Ungo Uliposimama

Mpendwa Mama, mama wa mume wangu,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini nikianza bila kukuamkia utaninunia hata huko uliko.

Leo situlii. Nimekaa, nimeinuka, nimefagia uwanja ambao asubuhi nilishaufagia. Mtoto nimemwogesha mara ya pili mpaka akanishangaa. Mwanao kanitazama akasema, "Mke wangu, umekalia siafu?" Nikamwambia ni hadithi. Akachukua baiskeli yake akaondoka, maana ameshanizoea. Wewe ungeniuliza, "Imekwama wapi?" Katika nyumba hii ni wewe tu uliyekuwa ukiuliza hivyo.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa ndiyo kwanza nimeolewa, nimeletwa kutoka Manyoni, nakuogopa. Tulikuwa shambani huku Mwankoko, alizeti imeshapigwa, imelala kwenye turubai, na wewe unapepeta bila neno. Mimi kimya kinanitisha kuliko kelele. Basi nikaanza kukusimulia hadithi niliyoitunga palepale, ya mwanamke aliyekutana na fisi njiani. Fisi akamsalimia, ungo wako ukaendelea. Fisi akaomba chumvi, ungo unaendelea. Fisi akataka kuposa, unaendelea tu. Nikafika mahali mwanamke anajitwisha ndoo yake ya maji na kukimbia mpaka kwao. Ungo ukasimama.

"Hapo umedanganya," ulisema.

"Mama, na fisi anayeongea?"

"Fisi sijamuuliza. Ndoo imejaa, iko kichwani, anakimbiaje? Aitue, au atembee."

Nikaitua ile ndoo. Hadithi ikawa nyingine kabisa, kwa sababu mwanamke aliyeacha maji yake njiani lazima ayarudie, na fisi alikuwa bado amekaa palepale anasubiri. Wewe ukacheka mpaka alizeti ikamwagika nje ya turubai, ukanilaumu mimi.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuandika, mimi wa darasa la saba. Ungo ukisimama, ama nimedanganya, ama nimekugusa, na ilibidi nikutazame usoni nijue ni lipi. Neno "nzuri" hukuwahi kuniambia. Siku uliyonisifu kuliko zote ulisema tu, "Alizeti imeisha na hadithi bado. Lete nyingine tupepete."

Siku hizi wapo wanawake wananiuliza nao wafanyeje ili waandike. Wengine wameenda shule kunizidi, naona aibu kuwajibu. Wanadhani nina meza. Nawaambia ninaandika kwenye simu kwa kidole gumba kimoja, mtoto ananyonya upande wa pili, na nusu ya hadithi inaungua pamoja na mboga. Nawaambia wasisubiri kutulia. Mimi sijawahi kutulia, na nikitulia sina cha kusema. Halafu nawaambia wamtafute mtu wa kumsimulia akiwa na kazi mkononi. Aliyekaa bure atakusifia kwa adabu. Mwenye kazi hawezi kukudanganya, mikono yake itakwambia.

Lakini kuna jambo hawajaniuliza, na ndilo linaloninyima usingizi. Hadithi ikikutaka uweke kitu ambacho si chako, unafanyaje?

Unaijua hadithi yenyewe. Mwanamke wa Kisimani. Kila jioni anaenda kisimani na ndoo tupu, na kila jioni anarudi na ndoo tupu, na hakuna anayejua kwa nini. Nami nilikuwa sijui. Nilikusimulia mpaka hapo nikakwama. Na upepo nao ukakatika siku ile, ukawa huwezi kupepeta, ukaketi pembeni ya turubai. Ndipo uliponieleza lile jambo la ujana wako. Sitaliandika hapa. Ulisema hata wanao hawalijui. Ukaniangalia mkononi, ukasema, "Hili ni langu na lako. Usilipeleke kwenye simu yako hiyo." Nikakuahidi. Upepo ukarudi, ukainuka, ukashika ungo kama mtu ambaye hajasema kitu.

Ningekuwa nimeshaachana na hadithi hiyo kama mambo yangeishia hapo. Lakini ulipougua, siku ile nakukanda miguu, uliniuliza, "Yule mwanamke wa kisimani ulimfikisha wapi?"

"Bado, Mama. Amekwama."

"Anaitaka ile yangu, eti?"

Nikaendelea kukukanda. Ukatabasamu, ukafungua mdomo kuongeza kitu, na jirani akapiga hodi na uji wake. Tukaacha. Baada ya hapo hukuwa na nguvu ya kuongea maneno marefu. Tangu siku hiyo namdai yule jirani sentensi moja, na yeye maskini hajui. Ulitaka kuniambia nichukue? Au ulitaka kunikumbusha ahadi?

Redio ya mjini inasoma hadithi za wasikilizaji Jumapili mchana. Nikawapelekea Mwanamke wa Kisimani hivyohivyo, bila mwisho, nikidhani watanirudishia. Wakaisoma. Mtangazaji akanipigia. "Mama Mwajuma, umetuweka pabaya. Watu wanataka kujua ndoo ni ya nini. Kuna mzee anasema kama wewe huimalizi, ataimaliza yeye."

"Aimalize, nami nisikie."

"Lete mwisho kabla ya Ijumaa, dada yangu. Acha utani."

Nikaumaliza, Mama. Niliweka lile jambo lako, jina nikabadilisha, kijiji nikabadilisha. Lilikaa kwenye ile hadithi kama lilizaliwa humo. Sijawahi kuandika kitu kizuri namna ile, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Vyangu vyote vilionekana vya kuokoteza mbele yake.

Wifi Halima alikuja kunisaidia kupepeta. Binti yako ameurithi ungo wako, na mkono ni uleule, ukifumba macho huwezi kuwatofautisha. Alianza kwa kunichokoza, mawifi ndivyo tulivyo.

"Nasikia siku hizi uko redioni. Usije ukaniandika na mimi."

"Wewe hujafanya la kuandikwa."

"Ndivyo unavyojua wewe."

Nikamsomea hadithi kutoka kwenye simu, bila kumwambia imetoka wapi. Anapepeta. Nikafika penye lile jambo, na ungo ukasimama. Nikamtazama usoni kama ulivyonizoesha. Hakuwa ameona uongo.

"Huyo mwanamke ni nani?" akauliza. "Mbona kama namfahamu?"

"Ni wa kutunga tu, wifi."

Akarudisha macho kwenye ungo. "Haya. Lakini huyo wako wa kutunga angeanza kumwambia binti yake. Watu wa mbali wanajuaje kabla ya binti?" Akaendelea kupepeta, polepole, makapi yanamrudia usoni wala hayafuti.

Mama, nilikuwa natafuta ruhusa kwako wakati wote huo, na jibu likaja kwa mkono wa binti yako. Alipoondoka niliufuta ule mwisho. Simu ikaniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo. Kisha nikaandika mwingine. Jioni moja binti anamngojea mama yake mlangoni, anamuuliza, "Mama, mbona ndoo haina maji?" Mama anaitua ndoo tupu, anasema, "Ingia ndani nikwambie." Wanaingia. Mlango unafungwa. Sisi wengine tunabaki uwanjani na ndoo.

Mtangazaji kasema watu watalalamika. Nimemwambia walalamike, mimi nawaelewa.

Mpaka hapo, Mama, ndipo nilipomsomea Halima leo jioni. Barua hii nimeiandika iwe wazi, kwa ajili ya wale wanaoniuliza, lakini sikuweza kuwapa wengine kabla yake. Nilimwambia, "Wifi, shika ungo nikusomee kitu." Akapepeta nilipokusalimia. Akacheka penye fisi. Nilipofika pale upepo ulipokatika, ungo wake ukasimama, na safari hii sikusema ni ya kutunga.

Hakulia. Alipangusa unga wa makapi kwenye vidole vyake, kimoja kimoja, akaniuliza, "Alikwambia wewe?"

"Aliniambia mimi."

"Na redioni hukupeleka."

"Sikupeleka."

Akaulaza ungo juu ya turubai, akamchukua mtoto mgongoni kwangu, akasema, "Basi twende ndani."

Ulisema ni langu na lako. Nimekaa na neno hilo mpaka limenichosha, na ninaona hivi. Uliniuliza kama hadithi inaitaka ile yako. Hadithi imeshafika bila hiyo. Anayeitaka ni Halima, na kama nimekosea, ninune uliko, nitakuomba radhi tukionana.

Nimemwambia atangulie nimalizie mistari hii. Namsikia anambembeleza mtoto kwa ule wimbo wako, anakosea palepale ulipokuwa ukikosea wewe. Alizeti iko nje na upepo umeanza, itabidi isubiri. Naingia, Mama. Mlango nitaufunga mimi.

Mkweo akupendaye,
Mama Mwajuma