Jina Ulilonikataza Kulitaja

Mama mkwe mpendwa,

Ungeniona leo ungenifukuza nyumbani kwako. Nimefunga sanduku, nimelifungua, nimelifunga tena. Uani nimefagia mara tatu na takataka hakuna. Ijumaa lori linatuchukua hapa Munigi, Kongo, mimi na mwanao, mpaka Uganda, halafu treni, halafu meli, mpaka Hong Kong, kisiwa cha Waingereza mlangoni mwa Uchina. Tunakwenda kufundisha Kiingereza. Yule mchungaji aliyetusomesha Uganda, kabla hujanijua, aliwahi kufanya kazi Hong Kong, na shule yake ya zamani imemwomba walimu wawili, mume na mke. Najua ungeniuliza, "Bachina balikosa mwalimu mupaka batafute ku Munigi?" Nami najiuliza hivyohivyo, Mama.

Nakumbuka wiki yangu ya kwanza kwako. Uliniketisha karibu na kibuyu cha kusukia maziwa, ukanionyesha namna ya kukitikisa bila pupa, kisha ukaniambia, "Jina ya baba mukwe wako haitoke mu kinywa yako. Hata nyumba ikiwaka." Nilikuwa naijua desturi hiyo tangu kwetu, lakini wewe ulinifanyia mtihani. Ulikuwa unanigeukia ghafla: "Nani ule anakuja na ngombe?" Nami haraka, "Ni Papa." Ukicheka, maziwa yanamwagika. Nilikupenda sana siku zile, ingawa ulinichosha.

Basi sikiliza ulichonifanyia.

Mwezi uliopita mwanao alikuwa Rutshuru kutafuta cheti chake cha ubatizo. Biro ya teritwari, ile ofisi ya serikali, ikatuita kwa ajili ya karatasi za safari, nikaenda mimi, Papa akanisindikiza. Karani alikuwa mgeni, mtu wa mbali, wala hajui mambo yetu. Akauliza jina la baba wa mume wangu. Papa yuko palepale kwenye benchi, bega lake karibu na langu! Karani akagonga meza kwa kalamu, nami nikataja jina la kwanza lililonijia, la baba yangu mzazi. Papa alikohoa tu. Njiani kurudi Munigi alikuwa na uso mkunjufu, na mimi nikajiona mkwe mwenye adabu kweli.

Karatasi zilikataliwa. Kwa mujibu wake, mimi na mwanao ni watoto wa mtu mmoja, na kaka na dada hawawezi kusafiri kama mume na mke. Mwanao alicheka mpaka akashika ukuta, kisha hasira zikampanda.

"Meli haitungoje! Ungesema tu jina, basi!"

"Na mama yako ningemwambia nini?"

"Mama alishakufa."

Tangu siku ile sijakaa nikatulia.

Biro wakasema aliyekosea arekebishe kwa kinywa chake mwenyewe. Jana nilirudi, na Papa akakataa kubaki nyumbani. Karani akanitazama juu ya miwani, kidole chake kwenye jina la mwanao.

"Madamu, huyu ni bwana yako ao ni kaka yako?"

"Ni bwana yangu."

"Sasa baba yake ni nani?"

Nikaangalia sakafu. Papa akashika fimbo yake, akainuka polepole. "Mie naenda kuota jua," akasema. Akatoka, akasimama nje akitugeuzia mgongo. Nilielewa kuwa ananipisha, na nikamwonea huruma.

Nikalitaja, Mama. Kwa kuogopa kwamba halitatoka, lilitoka kwa sauti kubwa mno.

"Niko!" Papa akaitika.

Akaja mbio mlangoni, kofia mkononi, akiangaza huku na huku. Ndipo nikakumbuka kwamba ni wewe peke yako uliyekuwa ukimwita kwa jina lile, tena kwa kelele, chakula kikiiva. Majirani humwita Muzee. Sisi humwita Papa. Tangu tulipokuzika hakuna aliyemwita hivyo. Aliponiona ni mimi, uso wake ulibadilika, nami nilitamani ardhi ipasuke.

Karani hakuelewa kitu. Alisema hakusikia vizuri.

Papa akainamisha kichwa. "Rudilia, mutoto wangu," akasema taratibu.

Nikarudia.

Karatasi ziko tayari sasa, zimepigwa mihuri. Sikuombi msamaha kwa kulitaja. La kukuomba msamaha ni hili la kuondoka. Nakwenda kuitwa mwalimu na watoto nisiowajua, na mume wako namwacha Munigi, mahali ambapo hata nyumba ikiwaka hakuna atakayemwita kwa jina lake.

Pumzika, Mama. Mimi nimeshindwa.

Mke wa mwanao