Mbwa wa Idodi Asiye na Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nimeng'atwa tako na mbwa. Tako! Natoka kuchota maji, yule mbwa mwekundu wa Mzee Clement akanijia kwa nyuma, hata kubweka hakubweka. Nesi Lea kanisugua kidonda kwa sabuni mpaka nikajiona sufuria. Chanjo ya kichaa cha mbwa zahanati hakuna — mpaka Iringa mjini, tena ya kununua. Kawaida ya hapa, mwenye mbwa ndiye anayenunua. Basi ghafla Idodi nzima hakuna mtu mwenye mbwa!

Jumanne, 4 Juni

Kwa mtendaji wa kijiji. Mzee Clement, mzee wa kanisa mzima, kamkana mbwa wake — na mbwa kalala juu ya viatu vyake! Eti ni mbwa wa wote. Nikamwuliza, "Baba, na ugali anakula kwa wote?" Mtendaji akacheka, kisha akajikausha.

Zamani mbwa walichanjwa bure, tukapanga foleni. Mwaka huu chanjo ikawa ya kulipia, watu wakawaficha mbwa uvunguni. Hongera zetu.

Nimeuza draya ya saluni yangu. Dada kanunua dozi mbili mjini, kazituma kwa basi ndani ya deli la barafu. Moja nimechomwa, nyingine iko kwenye friji ya Lea, ya Ijumaa. Lea kasema mbwa afungwe, aangaliwe. Akibaki mzima siku kumi, sindano za mbele sizihitaji. Kwa hiyo leo nimemwombea mbwa. Mimi!

Alhamisi, 6 Juni

Mbwa kauawa. Vijana wa Mzee Clement wamempiga, wamemzika sijui wapi. Hakuna mbwa, hakuna wa kulipa — mzee ana akili ya biashara! Sasa nani atajua kama alikuwa na kichaa? Nimekunywa bilauri nzima ya maji nione kama nayaogopa, dalili ya kichaa. Maji siyaogopi. Kufa naogopa. Sana.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika kwenye benchi la zahanati. Nimekuja kuchomwa ya pili, nikamkuta Bibi Esnath, mke wa Mzee Clement, na mjukuu wao Timotheo. Vidole vya mtoto vimefungwa kitambaa. Mbwa alimng'ata Jumapili, siku moja kabla yangu. Mzee aliwakataza kusema, maana kusema ni kukiri mbwa. Bibi kamtoroka.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimia Kihehe, bila kuniangalia.

Lea akafungua friji. Moja tu. Akasema kiofisi: hii ni ya Eveline, kainunua mwenyewe.

Hakuna aliyeniomba! Hilo ndilo limenikera. Wangeniomba ningekataa vizuri, na matusi juu. Timotheo akauliza kama inauma. Inauma sana, nikamwambia, nikamkunjia mkono wa shati. Lea akamchoma.

Mzee Clement kafika, kasimama uani na baiskeli yake. Haingii, haondoki.

Nimemwomba dada anunue nyingine. Kajibu sasa hivi: ile ya pili umeifanyia nini?

Mzee ananiangalia tu.