Miche ya Kupeleka Beni

Jumatano, 2 Julai 2025

Siku kumi na saba zimebaki niende Beni. Miche kumi na miwili ndani ya makopo, yote hai. Nimeihesabu mara mbili, kama mtu asiyejiamini.

Ni cinéraire, ua la majani meupe. Masista walinipa vipande mwezi wa tatu, nikavitia kwenye mchanga. Jina lenyewe linatokana na jivu, na kweli majani yake yanafanana na kitu kilichotolewa mekoni. Lakini si jivu, ni vinyweleo. Vidogo mno, vyeupe. Vinarudisha jua lilikotoka na kuzuia unyevu usitoroke. Mmea umejivika shuka. Ndiyo maana unaweza kukaa wiki tano bila tone.

Na kule hakuna wa kuumwagilia. Ndugu wa marehemu mke wangu, Marie-Jeanne, wote wameondoka Beni. Kaburi lake liko peke yake juani, na mimi barabara inaniruhusu mara moja kwa mwaka, ikiruhusu. Waridi nililopanda mwaka juzi, mwaka jana nilikuta kijiti. Mara hii nataka mmea usionihitaji.

Ijumaa, 4 Julai

Kaswera ameipangusa.

Ni binti wa binamu yangu. Alikimbia mapigano upande wa Manguredjipa mwezi uliopita, anaishi kwetu. Yeye na mume wake, Éliakim, walipotezana njiani. Simu ya mume haipatikani. Leo asubuhi nimemkuta amechuchumaa na kitambaa na sabuni, uso umechangamka kwa mara ya kwanza tangu afike.

– Tata Mwalimu, vumbi ya barabara iliingia sana mu hii maua. Nilishasafisha ine. Angalia, sasa iko kijani!

Ni kijani, ndiyo. Miche minne imevuliwa nguo.

Nimesema aksanti. Ningesema nini? Mtu aliyeacha shamba, mbuzi na mume hana cha kutoa ila mikono. Ukiikataa, umemkataa yeye.

Jumatatu, 7 Julai

Ile minne imekauka kwenye kingo za majani. Na sasa anamwagilia yote, asubuhi na jioni, kwa maji ya kufulia. Udongo unanuka. Nimetoboa makopo zaidi kwa msumari – kwa siri, kama mwizi ndani ya uwanja wangu.

Hulda, mke wa mwanangu, ananicheka.

– Papa, ulifundisha batoto elfu ngapi, na huyu mumoja anakushinda?

Nimemwomba ampe Kaswera kazi jikoni. Amekataa. Mgeni apike kwake? Mtaa wetu wote wa Bulengera utasema nini? Na maharagwe yameshavunwa, shamba limelala.

Alhamisi, 10 Julai

Imebaki sita. Mingine nimeivuta, mizizi imetoka kama uzi uliooza.

Kwa hiyo nimesema. Taratibu, jani moja mkononi na lensi yangu ya zamani, kama darasani. Nimemweleza vinyweleo, jua, maji. Halafu nimemwambia miche hii ni ya nani. Amesikiliza mpaka mwisho.

– Basi ni miye nilikuwa naiua.

Nimesema hapana, hukujua. Ameirudisha ndoo mahali pake. Kitambaa amekikunja mara nne, akakiweka juu yake.

Jumapili, 13 Julai

Miche sita iko vizuri. Majani mapya katikati, meupe, makavu, mazuri. Nilipaswa kufurahi.

Kaswera amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba toka misa mpaka chakula, mikono juu ya mapaja. Anapiga namba ya Éliakim, anasikiliza ile sauti ya mashine mpaka mwisho, anashusha simu, anaanza tena. Zamani alikuwa akipiga jioni tu, kazi ikiisha. Sikuwa nimeona hilo. Mwalimu mzima.

Jumanne, 15 Julai

Daudi dereva amepita. Nafasi yangu ya Jumamosi iko, kiti cha mbele, miche ndani ya beseni miguuni. Barabara ya Beni imetulia tangu juzi, anasema. Zaidi ya hapo hataki kuapa.

Kaswera amesikia. Amemwuliza kama pikipiki zinafika bado Manguredjipa.

– Zinafika, mama. Kurudi ndiyo kazi.

Daudi alitaka kuchekesha. Kaswera hakucheka.

Hulda ananiambia furushi la Kaswera limefungwa, liko nyuma ya mlango. Nimeongea na Kaswera saa nzima. Nimemchorea ramani. Nimemweleza kwa nini mtu akimfuata mtu katikati ya fujo, wanaopotea ni wawili. Ameitikia kila sentensi. Nawajua wanafunzi wa namna hiyo: wanaitikia na hawapo.

Jumatano, 16 Julai

Asubuhi. Naandikia dirishani.

Amekuja kuniaga, furushi mgongoni, viatu vya Hulda miguuni. Pikipiki alishaiita. Maelezo yangu yote niliyatumia jana. Nimesema tu:

– Kaswera, ile maua imechoka. Inataka maji.

Amenitazama.

– Tata Mwalimu, ulisema maji inaiua.

– Nilikosea.

Miaka thelathini na sita ubaoni, sijawahi kusema neno hilo huku najua niko sahihi.

– Yote sita?

– Yote. Na kuipangusa pia. Asubuhi na jioni, mpaka nikwambie. Miye sina tena nguvu ya kuinama.

Ameweka furushi kizingitini. Hakulifungua. Amechukua ndoo.

Pikipiki imefika. Honi getini. Hajageuka.

Honi ya pili. Hulda ametoka jikoni, anamwangalia yeye, ananiangalia mimi. Nimemwashiria akae kimya.

Kopo la tatu sasa. Anamimina polepole sana, na mimi namwomba Mungu yule kijana wa pikipiki achoke, aondoke kabla ya kopo la sita.