Ruhusa ya Kukaa Élisabethville

Jumanne, mwezi wa saba.

Baridi kali tangu asubuhi, na upepo unaleta moshi wa kiwanda mpaka huku kwetu mtaa wa Kenya. 

Leo nimepewa ruhusa ya kukaa mjini.

Mimi ni wa Rhodesia, ng'ambo ya mpaka. Niliingia mji huu kwa jina la mume wangu, Simoni. Alipofariki, karani wa biro, ofisi ya serikali ya vibali, aliniambia kwamba mwanamke mgeni asiye na mume hurudishwa kwao kwa treni. Nikamuuliza kuhusu binti yangu Josefina, ambaye bado ananyonya. Akasema mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Atabaki.

Tangu siku hiyo, kila nikiona kofia ya polisi sokoni nilijifunika kitambaa usoni nikabadili njia.

Mama Veronika, dada mkubwa wa Simoni, ndiye aliyeleta shauri. Mdogo wao Leoni hajaoa. Aende nami biro, aseme amenirithi kwa desturi, niandikwe mke wake. Alinishika mkono akaniapia kuwa mambo yataishia kwenye karatasi tu. Leoni alikuwa amekaa pale pale, akiitikia kwa kichwa.

Yeye hakuapa.

Asubuhi tulipanga mstari biro, yeye mbele, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Mzungu mkuu wa biro alikuwa chumba cha ndani; karani ndiye aliyeuliza. Aliniangalia muda mrefu, kisha akamgeukia Leoni.

"Huyu mwanamuke iko nani kwako?"

"Iko bibi yangu."

Alisema bila hata kumeza mate. Nilitegemea asite kidogo, kama mtu anayedanganya. Hakusita.

Karani akaniuliza kama ni kweli. Akilini nikamwona Josefina akilia stesheni na mimi ndani ya behewa, treni inaondoka. Nikainamisha kichwa, naye akagonga muhuri.

Njiani nilimshukuru Leoni, nikamwita shemeji kwa makusudi. Alichukua kikapu changu, akaipita njia ya kwake bila kugeuka, akanifuata mpaka ndani. Akaitazama nyumba pembe hii na pembe ile, taratibu, kama anayepima kitanda kitakaa wapi.

"Kesho nitaleta bintu yangu, nguo na kitanda," akasema, akaondoka.

Nilifunga mlango nikausukumia meza ya cherehani.

Jana niliogopa polisi. Leo namwogopa mtu ambaye polisi watamfungulia mlango wangu wakimkuta nje. Nikimkataa, anaweza kurudi biro akasema mimi si mke wake, nami nitapandishwa treni. Nikimkubali…

Siwezi kuimaliza sentensi hiyo.

Asubuhi, kabla hajafika, nitambeba Josefina niende kwa Mama Veronika. Nitamwomba aseme mbele ya mdogo wake yale aliyoniapia, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo. Yeye ndiye mkubwa wao, Leoni humsikiliza. Hilo ndilo tumaini langu, sina jingine.

Lakini tangu nimekaa kuandika kuna swali linalonikaba. Na kama Mama Veronika alijua tangu mwanzo?