Telefone Mupya katika Shamba ya Muhogo

Alunguli, siku ya ine

Halafu bibi yangu anasema mimi niko mupumbafu. Mimi! Wakati wa vita maaskari waliingia kila nyumba hapa, radio yangu tu njo ilibakia, maana niliizika katika muhogo. Nani mwingine alikuwa na akili ile? Hakuna.

Basi hii telefone mupya, ya kugusa kioo, binti yetu Zawadi aliituma na treni toka Lubumbashi, ili leo atuonyeshe mutoto aliyemuzaa. Amemupa jina langu.

Asubuhi mapikipiki mengi yakasimama ghafla mbele ya nyumba. Mikono yangu yenyewe ikakamata jembe, kama zamani. Nikafunga telefone ndani ya sashe ya plastiki, nikaizika. Kumbe njo watu wa kuuzisha samaki!

Kurudi kuichimbua, miti yote ya muhogo inafanana. Nikachimba huku, nikachimba kule. Niliogopa, nasema kweli. Nikawaza sitamuona ule mutoto, na mimi ni muzee...

Saa sita udongo ukaanza kuimba. Jirani akakimbia, ati jini. Bibi akacheka: «Baba Zawadi, itika basi, muhogo inakuita!»

Nikafuata sauti, nikaichimbua, nikaitika. Radio ilijua kunyamaza. Hii haifichiki. Lakini kama ingenyamaza, singeona ule mutoto, sura yangu ndogo, kwenye kioo. Mutoto akatazama matope kwenye ndevu zangu, akalia.

«Mutoto iko na akili,» bibi akasema.

Sasa telefone iko chini ya muto wangu. Jembe, bibi ameificha, na hasemi wapi. Alijifunza kwangu.