Spoketi ya Kumfikia Bibi

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Imefika! Pikipiki yangu ya umeme imeshushwa stendi ya Lushoto, imefungwa maboksi na kamba hadi taa haionekani. Kwa mtumba, ni nzuri mno. Nyekundu! Nikawasha — kimya. Nikadhani imekufa. Nikazungusha mkono wa usukani kidogo tu, ikaruka mbele, nikajikuta nimekumbatia nguzo ya kibanda cha chipsi. Stendi nzima ilicheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Kaka yangu Tobia, bodaboda wa petroli tangu amalize shule, ameizunguka akiikagua kama daktari. Akatoa hukumu: hii ni pasi yenye magurudumu, nikanyooshee mashati. Wivu tu!

Kila mtu nimemwambia nimeinunua kwa ajili ya kazi, maana nafunga umeme majumbani na vifaa ni vizito. Kweli kabisa. Lakini sababu yenyewe ni Bibi Dorkasi, na naiandika hapa tu. Siku Babu alipofia hospitali, habari ililetwa na pikipiki. Bibi aliisikia alfajiri ikipanda mlima, kona kwa kona, akajua kabla haijafika. Tangu siku hiyo akisikia pikipiki inanguruma anafunga mlango. Magoti yamekataa kushuka mlima kwa miguu, na gari halifiki kwake. Basi miaka sita yuko juu. Kila sikukuu ya mavuno kapu lake linashushwa kanisani na watu wengine, linanadiwa, na yeye anasubiri asimuliwe nani kalinunua.

Sikukuu ni tarehe 31. Mwaka huu kapu litashuka na mwenyewe!

Jumatatu, 11 Agosti

Jaribio la kwanza. Aibu!

Kwenye lami, raha tupu. Kwenye njia ya udongo, balaa. Manyunyu ya jana yameilainisha, na tairi hizi za mjini zikawa zinateleza huku na huku. Hata hivyo nilikuwa napanda! Napanda, napanda — hadi kona ya Mzee Ramadhani, njiani kwa Bibi.

Jambo hili waliounda pikipiki hii hawakulifikiria. Mtu wa petroli hasikii salamu. Anapunga mkono, anapita zake, hakuna wa kumlaumu. Mimi nasikia kila kitu, na wao wanajua nasikia! Mzee Ramadhani alikuwa kwenye kabichi zake, pale penye mwinuko mkali kuliko kote. Akaniita. Sasa mjukuu wa Dorkasi apite bila shikamoo? Kesi ingefika kwa Bibi kabla yangu. Nikasimama. Shikamoo babu. Marahaba mjukuu. Akauliza baba, mama, kazi, ng'ombe, akamalizia na mvua za huko chini. Nikajibu vyote.

Tukaagana. Nikazungusha mkono. Mota ikalalamika, tairi ikazungukia palepale, kisha tukaanza kurudi nyuma, mimi na pikipiki, taratibu kwa heshima zote, mpaka katikati ya kabichi za mzee.

Akasema pole sana. Akasema pia zile mbili nilizolalia ni zangu, nizibebe. Ndiyo mboga yetu ya leo.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda kwa Fundi Anord, yule anayechomelea mageti karibu na soko na kufufua pikipiki za watu. Nikamwambia: nataka isimame mlimani, isalimie wazee, kisha iondoke. Alicheka mpaka akaweka chini mashine ya kukatia.

Alipomaliza kucheka akawa fundi. Spoketi ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na cheni, tuweke kubwa: mbio zitapungua, nguvu itaongezeka. Tairi tuweke zenye meno marefu. Na hizi rimu za spoti, nzuri za kupigia picha, zikikutana na mawe ya kwetu zitapasuka. Tuweke za spoki, anazo mbili kwenye pikipiki ya petroli iliyokufa nyuma ya banda lake.

Nimekubali yote kabla hajafunga mdomo.

Ijumaa, 15 Agosti

Mikono ina grisi hadi viwiko na sijawahi kufurahi hivi!

Ekseli yetu ilikuwa nyembamba kwa rimu mpya, ikacheza ndani. Anord akakereza bushi, bomba fupi la chuma la kuziba nafasi, ikaingia kwa nyundo mbili za upole. Mimi nimekaza spoki. Kumbe ni kazi ya subira: ukikaza moja kwa pupa, rimu nzima inacheza mdundiko. Unaizungusha, unaishikia chaki, panapoguswa unalegeza, unakaza upande wa pili. Nimeizungusha mpaka chaki ikaacha kugusa. Nikapiga kelele. Muuza nyanya wa jirani akaja mbio akidhani nimekatwa kidole.

Waya za mota sijamruhusu mtu kugusa. Huo ni umeme wangu.

Spoketi mpya ni kubwa kama sahani ya pilau! Tukaifunga, tukasimama kuitazama kwa majivuno, kisha tukachukua cheni — haifiki. Spoketi ikikua, cheni nayo lazima irefuke. Mafundi wawili wazima! Tukatazamana, Anord akaenda kutafuta pingili za kuongezea.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada nimeijaribu. Kwenye lami baiskeli ya muuza maziwa imenipita. Akageuka kuniangalia kwa huruma. Sijali!

Nikaingia kwenye tope nyuma ya uwanja wa mpira. Ilitambaa! Ilikwea! Nikaanza kuimba. Hapo hapo meno ya tairi, yaliyokuwa yanazoa tope na kulipeleka chini ya madigadi, lile bati la kukinga tope, yakajaza nafasi yote, gurudumu la mbele likakwama, na mimi nikaendelea na safari peke yangu. Sketi ya kanisani imekwisha. Tobia amenivuta kutoka kwenye tope akicheka hadi machozi, akauliza shati lishanyooka?

Tairi yenye meno inahitaji nafasi ya kupumua. Hakuna aliyepima. Madigadi inapanda juu kesho.

Jumatano, 20 Agosti

IMEPANDA!

Nikafika kona ya Mzee Ramadhani — hayupo! Siku ninayomhitaji! Nikaenda kupiga hodi, nikamkuta anakunywa uji, nikamwomba kwa adabu aje asimame palepale anisalimie. Akavaa kofia, akaja. Na alisalimia kweli, hakuiba hata neno moja, akaulizia na Tobia. Tukaagana. Nikazungusha mkono. Tairi ikang'ata udongo, ikaondoka! Nikamsikia nyuma yangu anapiga makofi.

Kwa Bibi nimefika mlango uko wazi. Wazi! Alikuwa amenipa mgongo, anapukuchua maharage, hakusikia chochote. Nikasema, Bibi, shikamoo. Aliruka, maharage yakamwagika uani. Akanisema: umeingia kama mwizi. Nikamwonyesha. Akaigusa tairi, akahesabu meno kwa kidole, akauliza inakula nini.

Nikamweleza mpango wa kanisani. Akatikisa kichwa. Chombo kisicholia hakiaminiki, kasema. Mnyama asiyelia ndiye anayeuma. Hapandi.

Nimeokota maharage yote. Nimeshuka polepole. Nilikuwa na furaha tele na nilitaka kulia, vyote pamoja, sijui niandikeje.

Jumapili, 24 Agosti

Hakuna jipya. Tobia anataka kujua spoketi kama ile inaingia kwenye pikipiki yake. Nimemwambia hiyo ni ya pasi tu.

Jumamosi, 30 Agosti

Mzee Ramadhani kashuka sokoni na kabichi, kanitafuta hadi nyumbani. Juzi Bibi alimtuma mtu amwite mzee nyumbani kwake. Akamhoji: ni kweli kile chombo kilisimama mlimani? Akamjibu kilisimama. Na kilisubiri mpaka mkamaliza? Kilisubiri. Hakikukungurumia? Hakikunguruma hata kidogo, mama, kina adabu kuliko waendeshaji wake. Bibi akasema: kinachojua kusalimia kimelelewa.

Amefua kitenge. Amechagua jogoo wa kapu!

Betri iko kwenye chaji. Nimekaza kila nati. Nimekaza na zilizokuwa zimekazwa.

Jumapili, 31 Agosti

Naandika nimekaa juu ya pikipiki, nje kwa Mzee Ramadhani.

Bibi kapanda! Kakaa upande, kitenge kimefungwa vizuri, mkono mmoja kiunoni kwangu, kapu limefungwa nyuma, jogoo ametoa kichwa. Kona ya kwanza alinibana mpaka nikakosa pumzi. Kona ya pili akalegeza. Ya tatu akaanza kusalimia watu kwa Kisambaa: "Onga makeo!" Watu hawatusikii tukija. Wanageuka, wanamkuta Dorkasi huyu hapa, miaka sita hawajamwona njiani. Mama mmoja katupa jembe, kapiga vigelegele. Na kila nyumba tunasimama. Kila nyumba! Spoketi inasimama, inaondoka, inasimama. Mungu ambariki Anord.

Sasa yuko mlangoni kwa mzee, anamaliza chai. Kengele ya kwanza imeshalia. Nimemwita, kasema salamu hazikatwi katikati.

Anakuja. Amepanda. Kanigonga begani: hiki chombo kina honi? Kinayo, Bibi. Basi piga. Nikamwambia, Bibi, si wewe unayefunga mlango ukisikia kelele? Akasema ile ilileta msiba. Hii imemleta yeye, na watu wa chini watajuaje kama ameshuka? Nipige kuanzia hapa mpaka kanisani.

Kengele ya pili hiyo. Kapitisha mkono chini ya kwapa langu, kaipata honi mwenyewe, anapiga, jogoo anawika, na hata hatujaondoka —