Kilio Kile Hakikuwa Chako Kuuza

Kaka yangu,

Salamu za Mama nakufikishia zote. Zangu zimekataa kutoka. Nakuandikia barua ya wazi, mbele za watu, kwa sababu kila nikikupigia simu huko Nairobi unanijibu kwa ile sauti yako ya mikutanoni, laini, isiyoshikika, na nikishakata simu mwili wote unanisisimka kwa kinyaa.

Sikuwa hivi kwako. Unakumbuka kibaraza chetu cha Cibitoke, Baba alipokuwa amefariki karibuni? Ulikuwa ukirudi kutoka chuoni na magazeti ya wiki iliyopita, unakaa mkekani, unanisomea habari moja, kisha unauliza: "Nani anasema apa? Na nani hawakumuuliza?" Mimi bado nimevaa sare ya shule, nikidhani ni mchezo. Ulipopata udaktari wako wa sayansi ya habari na mawasiliano, wa kwanza katika ukoo wetu, Mama alipika pilau la mtaa mzima. Jirani yetu, fundi wa magari, akaja na swali lake: "Sasa docteur, mugongo inaniuma, nimeze nini?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mi natibu maneno, mzee," ukamwambia. Siku hiyo niliamua kwamba njia yako ndiyo yangu.

Nikaifuata. Utafiti wangu ukawa juu ya habari za hatari: kwa nini onyo huwafikia wengine na kuwapita wengine. Baada ya mvua ile kubwa iliyobomoa kingo za korongo kule mtaa wa Kinama, nilianza kwenda huko kuzungumza na walionusurika. Ndipo nilipokutana na Mama Faraja, muuza vitenge aliyevuka mpaka kutoka Uvira akiwa na watoto wake. Nilimrudia mara nyingi kabla hajakubali nimrekodi. Alinieleza juu ya kitinda mimba wake, Amani, aliyechukuliwa na maji.

"Akuna mutu alituambia," alisema. "Wenye simu walipata message ya Kifaransa. Sisi tulisikia maji."

Akaanza kulia. Nilinyoosha mkono nizime kinasa sauti, akanizuia. "Acha ikamate yote. Kwa kitabu yako, batu bajue." Nilimwahidi kwamba sauti ile itabaki kwenye tasnifu yangu, haitakwenda popote.

Kompyuta yangu ilipoharibika, nani angenihifadhia rekodi kama si wewe? Wakati huo ulikuwa umeshaacha kufundisha, umekuwa mkuu wa mawasiliano wa kampuni inayouza huduma ya maonyo kwa simu. Sikukulaumu. Nafasi za kudumu chuoni hazikuwepo, na ulikuwa na watoto. Nilijivunia hata ile kadi yako ya kazi, niliiweka kwenye pochi.

Halafu ukatualika, mimi na Mama, kwenye uzinduzi wa huduma yenu, hotelini mjini. Wahudumu wakipitisha mishikaki, wageni wamependeza. Filamu ikaanza, na nikasikia: "Akuna mutu alituambia." Kisha kilio. Kilio chake chenyewe, ninavyokijua, na chini yake mmeweka kinanda. Kikafifia, na sauti ya mwanamke ikaendelea: "Lakini sasa kila onyo linanifikia mapema. Nashukuru." Ilikuwa sauti safi ya mtangazaji wa redio. Mlimkodi mwanamke mwingine amalizie maneno ya mama aliyefiwa.

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa na nyama mdomoni, haimezeki. Niliitema kwenye kitambaa cha karatasi. Pembeni yangu Mama alikuwa akijifuta machozi, akiamini kila neno.

Nilikufuata nje, kwenye maegesho. Ulisema nini?

"Tulia. Jina yake haimo, sura yake haimo. Nani ameumia?"

"Yeye."

"Atajulia wapi? Hana hata televisheni." Kisha ukacheka kidogo. "Écoute, sikiliza, we bado mutoto. Kitabu yako, iyo thèse, itasomwa na jury ya walimu tu. Mi nimefikisha uyu mama kwa inchi nzima. Na kuna nafasi kwa ofisi yetu, nimeshataja jina lako."

Ukanishika bega. Nililisugua bega lile nilipofika nyumbani, kaka. Nililisugua kwa sabuni.

Nilikwenda Kinama, nikamsikilizisha Mama Faraja filamu kwenye simu yangu. Aliomba irudiwe.

"Uyu wa mwisho si mi," alisema taratibu. "Anashukuru nini, uyu? Mutoto wangu iko chini." Akajifunga kitenge vizuri. "Twende kwa ofisi yao."

Ulishuka mapokezini ukiwa unatabasamu. Ukanisalimia kwa Kifaransa, ukaendelea kwa Kifaransa juu ya kichwa cha mwanamke mzima aliyesimama mbele yako, mpaka akakukata: "Sema Kiswahili, baba. Ni mi mumeuzisha, si yeye." Ukatazama simu yako. Ukamwambia askari wa mlangoni amletee mama fanta ya baridi, ukapanda ngazi. Fanta, kaka. Chupa ilibaki pale mezani haijafunguliwa, na nilipoitazama nilitaka kutapika zaidi kuliko siku ile ya hotelini.

Msimamizi wangu, nilipomweleza, alifunga mlango akanisihi nisipige kelele, maana wanafunzi wetu huenda kwenye kampuni yenu kujifunza kazi. Niliwaandikia wakubwa wako hata hivyo, mimi na Mama Faraja, majina yetu yote mawili. Filamu ikaondolewa kimyakimya, bila hata neno la samahani. Wewe ukapandishwa cheo, ukahamia Nairobi. Mama Faraja aliniomba nimrudishie sauti yake. Nikaifuta mbele ya macho yake, na sura nzima ya tasnifu ikaenda nayo. Nilianza upya na watu wengine, waliokuwa na haki ya kuniogopa.

Nimeitetea tasnifu. Najua Mama alikupasha habari, na nimeyaona maua uliyotuma. Niliyaacha kwa mlinzi wa chuo. Sasa nafundisha kwenye taasisi ndogo, kwa vipindi. Wanafunzi huuliza masomo haya yanatoa kazi gani. Nawatajia: redio, maktaba, utafiti, ofisi za mawasiliano. Nikifika kwenye hiyo ya mwisho naeleza kazi yenyewe ilivyo, na inavyoweza kufanywa kwa heshima, kwani inawezekana. Hilo ndilo linalonichefua zaidi. Ulijua. Hakuna aliyejua kuliko wewe.

Mama anasema unakuja kwa ajili ya Idi. Ameshaanza kusafisha chumba chako, na anataka sote tukupokee uwanja wa ndege. Nitakuja, kwa sababu yake. Nitakupa mkono mbele yake, na nitakuitikia ukiniita.

Kisha nitatafuta bomba, ninawe.

Mungu akufikishe salama kwa Mama,

Mdogo wako wa kike